Anyisile na Faili la Bujonde

Ukimsalimia Anyisile "Ugonile," alikutazama kwanza, kama anayepima iwapo unastahili jibu. Wengi hawakustahili.

Alikuwa anatunza kompyuta ya kikundi cha wakulima wa mpunga Bujonde, ile inayosoma kipimo cha maji mtoni na kuwatumia watu ujumbe maji yakipanda. Kila huduma iliyofanya kazi chinichini humo ilikuwa imeandikwa kwenye faili moja: iwake lini, imtumie nani, ikizimika iwashwe vipi. Kompyuta ilifuata faili. Kilichotiwa kwa mkono, kisichoandikwa mle, kilifutwa siku faili lilipotekelezwa. Anyisile aliupenda utaratibu huo kuliko alivyopenda watu, wala hakuficha.

Aliyemchefua zaidi ni Gwamaka, karani wa kikundi, aliyejifunza kompyuta akiwa tayari na wajukuu. Mwezi wa nne mzee huyo alimfuata.

"Mwanangu, ujumbe unakwenda kwa wenye kaya tu. Baba mkwe akiupata, na mkamwana ndiye yuko shambani, atamwambiaje? Sisi na wakamwana wetu hatusogeleani, hatuitani."

"Mzee, maji hayajui ukwe. Mila zenu ziacheni nyumbani."

Mila zenu! Utadhani kazaliwa Ulaya, siyo Makwale, kwa mama aliyejifunika kanga akisikia tu kikohozi cha mkwewe.

Gwamaka alijipachikia kwa mkono huduma ndogo ya pili, iliyowapelekea wanawake ujumbe uleule. Ilikuwa imeungwaungwa, lakini ilifanya kazi: mara mbili maji yalipanda, mara mbili wanawake walitoka mapema.

Mwezi wa tano Anyisile akaigundua. Alicheka mpaka akapaliwa. "Karani naye fundi!" Hakuuliza ni ya nini. Alitekeleza faili, kompyuta ikaifuta, na kwenye kumbukumbu ya mabadiliko akaandika sababu: "Nimefagia uchafu wa mzee." Kisha akaenda kula, roho kwatu.

Siku tatu baadaye maji yalishuka kutoka milimani. Ujumbe ulifika kwa wakati, kwa mzee Lameck. Mkamwana wake, Atupele, alikuwa ng'ambo ya mfereji akifunga matita ya mpunga. Huyo Atupele ni mdogo wake Anyisile, tumbo moja.

Mzee Lameck alisimama kwenye tuta, simu mkononi. Jina la mkamwana halitamki. Akapiga mbinja. Atupele akageuka, akaona ni mkwewe, na kwa adabu aliyofundwa akachutama nyuma ya matita, mgongo kwake. Mzee akapunga mikono, mwenzake haoni. Akakimbia kutafuta jirani. Walipofika, Atupele alikuwa ameng'ang'ania mgomba, maji kifuani, na mpunga wa mwaka mzima ulikuwa njiani kwenda ziwani.

Kesho yake Anyisile alimkuta kwenye mkeka, mikono imechubuka hadi viwikoni. Alikuwa amekuja na sukari na pole.

"Dada," Atupele aliuliza, "ule ujumbe wetu wanawake mbona haukuja?"

"Kompyuta inafuata kilichoandikwa."

"Anayeandika ni nani?"

Anyisile aliiweka sukari chini. Alitafuta neno kali la kumtupia mtu, akakosa mtu.

"Ni mimi," alisema. "Niliufuta huku nacheka."