Kodiani ya Bi. Elspeth

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa hata nikashindwa kutaja jina langu sawasawa. Karakana ya kodiani ilikuwa Wheaton, Marekani, chumba kimoja nyuma ya duka la mazulia, na fundi mkuu alikuwa mzee wa Kiitaliano asiyemsalimia mtu kabla ya kumaliza kahawa yake. Aliniajiri kwa sababu moja tu: nilimwambia kwamba baba yangu alipiga kodiani kwenye ngoma za mwomboko kule Murang'a, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsafishia. Alinipa ulimi wa chuma utoao sauti ya kodiani, mwembamba kama ukucha, na tupa ndogo.

"Kwangua ncha, sauti ipande," akasema. "Kwangua shina, sauti ishuke. Ukizidisha, chuma hakirudi."

Nilizidisha. Aliutupa ule ulimi kwenye kopo, akanipa mwingine. Ningalipigwa kofi ningalipata nafuu.

Nieleze kidogo, maana vijana wa sasa mnadhani kodiani ni kuvuta na kusukuma. Mivukuto ndiyo mapafu yake. Ukibonyeza kitufe, hewa inapita kwenye ndimi mbili au tatu kwa pamoja. Ndimi hizo hazilingani sawasawa: mmoja hupandishwa kidogo ili sauti ipate mtikisiko. Wapigaji wa muziki wa Kiskoti wanaupenda mtikisiko mpana, unaochangamsha miguu. Ulimi wa kwanza tunaupima kwa mashine. Wa pili tunautega, yaani tunailinganisha sauti yake, kwa sikio, tukihesabu mitikisiko, na fundi mkuu hakukubali njia nyingine. "Mashine haichezi dansi," alikuwa akisema.

Nilimtumikia miaka mingi. Kisha tamaa ikanipeleka Sterling, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, ambako kodiani mpya zilishushwa zikiwa kwenye makasha, nami nilizikagua sauti kabla hazijauzwa. Msimamizi wa ghala alisimama nyuma yangu na saa mkononi. "Mzee, unasikiliza nini? Funga kasha, lete lingine!" Niliogopa kila saa kwamba natoa kazi mbovu, usingizi ukanipotea. Fundi mkuu alipofariki, binti yake akaichukua karakana na kuniita nirudi. Nilirudi nikikimbia. Huyo ndiye tuliyemwita Meneja.

Katika wateja wote, niliyemheshimu zaidi alikuwa Bi. Elspeth, mama wa miaka themanini na ushei, mzaliwa wa Skotlandi. Kila majira ya kuchipua aliongoza tamasha la mtaa, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa. Wapigaji fidla walikuwa watu wa kawaida tu: mwalimu, fundi bomba, mama mmoja wa kituo cha utafiti wa kilimo Beltsville. Wote walitega nyuzi zao kwa kufuata kodiani, kwa kuwa fidla hukazwa papo hapo, lakini kodiani hutoka kwa fundi ikiwa imeshakata shauri. Ikikosea, ukumbi mzima unakosea. Kwa hiyo nilikuwa na desturi: kodiani ya Bi. Elspeth sikuiachia karakana. Nikimaliza tu, niliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari langu, kama mgeni, nikampelekea nyumbani mwenyewe.

Mwaka huu niliipeleka Jumatano. Alhamisi nilikuwa sebuleni na mjukuu wangu, Wanjiru, aliyekuja kufanyia homuwaki kwangu. Mara akaziba masikio.

"Guka, please, fix that thing. It's driving me crazy!"

"Kitu gani?"

"King'ora cha moshi! It's been beeping since I came. You can't hear that?"

Nilisimama chini ya kile kidude cha darini, ambacho hulia betri ikikaribia kuisha. Niliona taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Kila ikiwaka mtoto alikunja uso, nami sikusikia chochote. Nikapanda kiti, nikaweka sikio karibu kabisa. Kimya.

Nikashuka taratibu. Nilizikumbuka ndimi za juu za kodiani ile, jinsi zilivyonitii upesi mwaka huu, bila ule mtikisiko wa kubishana. Nilikuwa nimejisifu kwamba mkono wangu umekomaa. Kumbe sauti nyembamba za juu nilikuwa sizisikii tena.

Niliinua simu mara tatu nimpigie Bi. Elspeth. Ningemwambia nini, kwamba nimemkwangulia chuma nikiwa kiziwi? Na Meneja je, angeniacha nishike tupa tena? Bila ile kazi sikujijua ni nani. Niliirudisha simu mezani, na naona haya kuyaandika haya.

Jumamosi niliketi safu ya nyuma, karibu na mlango. Walianza na nyimbo za dansi, watoto wakarukaruka, watu wakapiga makofi. Shati lilinilowa mgongoni. Nilizikodolea macho nyuso za wapiga fidla nione nani atakunja uso. Hakuna aliyekunja. Nikaanza kupumua.

Ndipo ukaja wimbo wa taratibu, ule ambao fidla hunyamaza na kodiani hupanda peke yake. Nilifumba macho, nikayafumbua. Mkono wa Bi. Elspeth ulipanda hadi karibu na vitufe vya mwisho vya sauti za juu, kisha ukarudi chini, na sehemu yote ya juu akaipigia katikati. Hakusita hata kidogo. Vidole vile vilikuwa vimeizoea njia hiyo ya kuzikwepa ndimi nilizoharibu.

Watu walipokwenda kunywa chai nilimfuata jukwaani.

"Bi. Elspeth, nimekuharibia kodiani."

Alinishika kiwiko. "Bwana Njoroge, keti."

"Umejua lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu," akasema. "Tulikubaliana wote tusikuambie. Nyimbo zinapigika hata chini."

Wote! Nilimtazama fundi bomba, naye akajishughulisha na sanduku la fidla yake.

Jumatatu nilifika karakana kabla ya saa ya kazi, nikamweleza Meneja kila kitu nikiwa nimesimama. Nilimwomba aite kodiani zote nilizotega miaka mitatu, zikaguliwe. Hakushtuka. Alitazama sakafu, na hapo ndipo hofu ilinishika kuliko siku zote.

"Ziko sawa, Mzee," akasema. "Nilikuwa nazirekebisha jioni, ukishaondoka. Ya Bi. Elspeth tu ndiyo sikuweza. Ulikuwa hutaki mtu aiguse."

Nilivua aproni yangu siku hiyo. Waliniandalia keki, wakanisifu sana, nami nilimtazama kila mmoja mdomoni nikijiuliza ni lipi la kweli. Hadi leo najiuliza hivyo, hata mke wangu akiniambia nimependeza. Ninyi mnaoshika tupa sasa, nawaomba jambo moja. Mkigundua fundi wenu mzee hasikii tena, mwambieni siku hiyo hiyo. Atalia, na pengine atawatukana. Mwambieni hata hivyo.