Mchezaji wa Ridhaa

Yule Mwingereza sikumpenda tangu siku ya kwanza, na babu yake nilimchukia zaidi. Miaka ya tisini tulikuwa tukicheza kriketi Ijumaa asubuhi, kwenye kiwanja cha kokoto nyuma ya magereji ya mtaa wa Wadi Kabir. Yeye ndiye nahodha, na babu hakumtoka mdomoni: alicheza kwao Uingereza kabla ya vita vya kwanza, hakupokea hata senti, maana mashamba alikuwa nayo. Waliolipwa waliingia uwanjani kwa mlango wao wa pembeni, ingawa timu ni moja.

Aliyenitafsiria hayo ni mtoto wa mama yangu mdogo, msomi wa wizarani. Mimi shule niliiacha mapema, Kiingereza changu cha gereji. Babu huyo, aliniambia, alikuwa mchezaji wa ridhaa.

Basi na sisi tukagawanywa. Watu wa maofisini walikaa chini ya turubai, na viti na maji ya barafu. Sisi vibarua, ubavuni mwa lori. Zamu yetu ya kupiga ilikuwa ya mwisho, na aghlabu mchezo ulimalizika haijatufikia. Nilirusha mpira msimu mzima, kigongo cha kupigia sijakishika. Nilitaka kupiga, tena wa kwanza, mpira ungali mpya.

Ijumaa moja mpigaji wa kwanza hakutokea. Nikaenda mpaka kwenye turubai, nikamwambia ndugu yangu huyo wa wizarani, "Mwambie mimi hapa silipwi kitu. Basi na mimi wa ridhaa. Leo nnapiga mimi."

Akasema maneno mawili matatu. Mwingereza akanipigapiga begani, kisha kigongo akampa ndugu yangu.

"Umemwambia nini?"

"Kuwa umeridhia nipige mimi." Alikuwa anajifunga kinga za miguu, hata hakuinua uso. "Si umesema ridhaa mwenyewe?"

"Mwambie tena."

"Nenda kakae, we. Usinitie aibu mbele za watu."

Nikamwendea nahodha mwenyewe, nikamwambia kwa Kiingereza changu kuwa huyu mwongo. Hakunielewa, akamtazama ndugu yangu. Ndugu yangu akajigonga kipaji cha uso kwa kidole, kuonyesha kuwa sina akili. Wa turubai wakacheka. Wa lori nao wakacheka, na hao ndio walionikata maini.

Nikaondoka kwa miguu, yeye anakwenda kupiga.

Miaka kumi baadaye mama yake huyo ndugu yangu alifariki. Nilikwenda kumsalia, maana alikuwa mama yangu pia. Nilimwona mwanawe safu ya mbele, nikasimama ya nyuma kabisa, na baada ya sala mkono sikumpa.