Rangi Iliyoishia Katikati

Mwezi uliopita, hapa Kilosa, fundi mmoja aliuza gari la zamani lililoachwa na mlowezi wa mkonge kule Rudewa. Injini alikuwa ameifufua, inanguruma vizuri kabisa. Rangi ilimwishia akiwa amemaliza upande mmoja. Wa pili ulibaki na kutu.

Mnunuzi, mkulima wa Kisanga, alilizunguka mara mbili, akaigusa kutu kwa kidole. Fundi akanywea.

"Nivumilie, mzee. Rangi ikipatikana dukani nitamalizia."

"Thubutu! Liking'aa lote, kijijini wataniita mnyonyaji."

Akalichukua, anacheka.

Nami nilidhani waandishi ndio tunaoijua siasa! Juzi nimepita kwake. Upande wa kutu unatazama ofisi ya kijiji. Unaong'aa unatazama nyumba ya wakwe zake.