Shamba la Magreth Lililokuwa Limepumzika

Magreth, jirani yangu hapa Ipole, haogopi nyuki wala nyoka. Anaogopa watu wa serikali tu, na safari hii aliogopa mpaka akaniambukiza.

Marehemu mumewe alimwachia shamba moja, la tumbaku. Udongo ulipochoka, Magreth akalipumzisha kama tulivyofundishwa na wazee: unaacha visiki, vinachipua, miti inarudi na rutuba inarudi nayo. Mvua za mwaka huu ndizo alizokuwa akizisubiri arudi na jembe. Siku zote hizo alikula kwa vibarua.

Ndipo mwenyekiti wetu, Ngassa, akaitisha mkutano. Serikali imeleta fedha, akasema, za kufufua ardhi iliyoharibika na kutelekezwa. Mradi utaichukua, utapanda miti, na kwa miaka kumi hakuna atakayelima humo. Mtaalamu atapita kukagua.

Tulipotoka, Magreth alinishika mkono.

"Sabiri, langu limeshakuwa pori. Watasema nimelitelekeza."

"Subiri mtaalamu aje aeleze, dada."

"Akishaeleza si limeshakwenda?"

Shamba langu nalo lilikuwa pori, tena si kwa hekima ya wazee. Mimi ni mvivu, na kanisa zima la Moravian linajua. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kila siku lilizuka jipya: mara watakuja na polisi, mara aliyetelekeza atashtakiwa. Magreth akaacha kwaya. Pikipiki ikinguruma barabarani, anatoka mlangoni mkono kifuani. Ukimpa chakula, anakigeuza tu sahanini.

Asubuhi moja nikasikia panga. Nilipofika alikuwa amekwisha kukata machipukizi yote ya miti, mininga na mitundu, mengine yamempita urefu. Akayarundika akayatia moto. Moshi ulitutoa machozi.

"Sasa wataona lina mwenyewe," alisema.

Juma lililofuata mtaalamu akaja na Ngassa. Anaitwa Adinani, kijana mpole wa mjini Tabora. Akamwamkia Magreth shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti niliyoisikia kwa shida.

Wakaanza kwangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kuomba radhi. Adinani akapita katikati ya vichaka, akashika jani hili na lile, akatabasamu.

"Hili linajiponya lenyewe, mzee. Halihitaji fedha zetu. Baki nalo, ulitunze."

Nilimwangalia Magreth. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Kwake kulikuwa na majivu na ardhi tupu mpaka mpakani. Adinani akapaka rangi nyekundu kwenye kisiki cha pembeni.

"Ardhi kama hii ndiyo tuliyoletewa fedha zake. Tutaanzia hapa."

"Baba, miti ilikuwepo," Magreth akasema. "Juzi tu ilikuwepo. Muulize Sabiri."

Adinani akainama, akagusa kisiki. Utomvu ulikuwa bado mbichi.

"Nani kaikata?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama? Ungeiacha ningepita tu. Sasa naandika ninachokiona leo."

Walipoondoka Magreth alibaki amesimama majivuni, akinitazama mimi na vichaka vyangu vya uvivu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Sikonge.

"Sabiri," akaniuliza, "mvua hizi nalima wapi?"