Karatasi ya Mwaitu Nduku

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kalamba, mwanangu, na nikiikumbuka bado uso hunichoma.

Nilikuwa kijana mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Kambu, na kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka shingoni. Mama mmoja mzee wa kanisa, Mwaitu Nduku (mwaitu kwetu ni mama), aliniita kwake. Binti yake angeimba na kwaya kwenye televisheni saa tisa mchana. Televisheni hakuwa nayo. Alikuwa na laptopu, na kidude cha kuchomeka pembeni, kile kinachosoma kadi ya kufungulia stesheni za kulipia. Kina mama wenzake walikuwa wameshafika na viti vyao.

Kompyuta ikakataa kabisa kukitambua kile kidude. Nikafuta draiva, ile programu ya kuvipatanisha, nikaiweka upya. Wapi! Mwaitu akatoa ndani ya Biblia karatasi iliyokuja na kidude.

"Mwanangu, hapa wameandika uweke programu kwanza, ndio uchomeke."

Mimi nilikuwa nimekichomeka tangu nilipofika, na sikukichomoa hata mara moja. Nikacheka. "Mwaitu, hii kazi niachie mimi."

Saa tisa ikafika, ikapita. Kina mama wakaanza kunitazama. Kusema "sijui" kulinishinda, mwanangu, neno dogo hivyo! Nikawaambia, "Hiki kitu kimeshikwa-shikwa, kikaharibika."

Yule mama akasimama mbele ya wageni wake, mikono ameificha ndani ya leso. "Nisameheni. Ni mimi. Jana nilikipanguza vumbi." Halafu akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nami, bila haya, nikala.

Nikabeba vitu vyote hadi Kambu, eti natafuta spea. Nilipokuwa peke yangu nikaisoma ile karatasi, nikaifuata neno kwa neno. Picha ikaja mara moja, safi kabisa. Iiyai! Jumatatu nikamrudishia, nikamdanganya kwamba nimebadilisha kitu fulani ndani. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea.

Ukweli ungenichukua dakika moja tu. Sikuusema.

Tangu hapo, binti yake akipiga simu ya video, ilibidi jirani amshikie simu. "Mimi usinipe," alikuwa akisema. "Mikono yangu huharibu." Alisema hivyo mpaka tukamzika. Siku hiyo nilikuwa na koleo mkononi kama wanaume wengine, nikifukia, na nilitamani udongo unifunike mimi.

Sasa wewe umeanza kazi hii, nakuomba. Usipojua, sema hujui, hata kama nyumba nzima inakutazama. Mteja akikupa karatasi, isome. Na ukimtwika mtu kosa lako, rudi siku hiyo hiyo ukamtue, mbele ya watu wale wale, akiwa hai wa kukusikia. Mimi nilichelewa, na nimechelewa kabisa.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe ule ujasiri nilioukosa. Na mama wa watu akikupakulia chakula, Mungu akujalie uweze kumtazama usoni ukila.