Shemeji Aomba Kula

Mwaka ule wakulima wa pamba tulitakiwa kumchagua mtu mmoja akatusemee kwenye mkutano mkubwa Shinyanga mjini. Mimi nilijiona nimeshachaguliwa, maana nikikohoa kijijini kwetu ng'ombe wa Kahama wanageuka.

Kumbe shemeji yangu naye anataka! Akaja nyumbani nimsikilize hotuba yake, nimrekebishe. Alikuja na gunia amelishonea pamba, upande mmoja safi, nyeupe kama maziwa, upande wa pili fifi, ile chafu, ili watu waone kwa macho. Wivu ukanipanda mpaka kofia ikainuka kichwani. Mimi nilikuwa na mdomo tu, sina hata pamba ya kuonyesha.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Sisi Wasukuma "r" hututeleza ulimini, basi akamalizia, "Ndugu zangu, naomba kula." Mimi niliyewahi kubeba mizigo dukani kwa Mwarabu nilijua ni kura. Nikamwambia, "Shemeji, hapo usiguse hata kidogo!"

Siku ya kuchagua akalisema vilevile, tena kwa sauti. Watu wakacheka mpaka wengine wakagaagaa chini. Mama mmoja akapiga kelele, "Baba, ukitusemea vizuri hivyo, ugali utakula mpaka uvimbe! Mpeni huyu!" Mikono ikapanda kama shamba la mtama.

Shemeji akanikumbatia mbele ya watu wote. "Umenirekebisha vizuri, shemeji. Kesho njoo tuiandae ile ya Shinyanga."

Nikacheka kuliko wote, maana ningenyamaza ningelia.