Nimeuza Mtamba Kung'oa Ndevu kwa Umeme, na Bado Zinaota

Ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo, kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba unywele mmoja mweusi wa kidevuni kwangu, upande wa kushoto, uliofukuzwa kwa umeme kule Mwanza, umerejea nyumbani ukiwa na afya njema. Umekuja na wenzake. Shughuli iko kwangu, hapa pembeni ya Bariadi.

Admin, naomba ufiche jina langu, maana wazazi wa wanafunzi wangu wamejaa humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu, na nina ndevu. Sisemi vinyweleo. Ndevu. Zilianza kuja taratibu nilipokaribia kukoma hedhi, na kusema kweli hazikunisumbua. Mume wangu ndiye alikuwa ananing'olea kwa kibano, tumekaa uani tunaongea habari za pamba. "Mwaka huu mavuno mazuri, mayu," ananitania, yaani mama kwa Kisukuma chetu. Namwambia aangalie, nitampita kwa ndevu. Ndiyo mapenzi ya umri wetu hayo, vijana msicheke.

Shida ilianza binti yetu, tumwite Minza, alipopata mchumba. Minza anafanya kazi Mwanza. Alikuja nyumbani, tukawa tunakula, akaniangalia kidevu, akasukuma sahani pembeni.

"Mama, samahani, ila inatia kinyaa. Wakwe zangu wakija watasema na mimi ndivyo nitakavyokuwa."

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Yeye ndiye aliyeniambia kuna sindano ya umeme: inaingizwa palepale unywele unapotokea, inaunguza mzizi, hauoti tena maisha. Nikauza mtamba wangu, ng'ombe niliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufa. Baba Minza nikamdanganya naenda kutengeneza meno.

Kliniki wakaniambia bei ni kwa kipindi. Jamani, mimi nimefundisha miaka zaidi ya ishirini. Kwangu kipindi ni dakika arobaini, kengele inalia. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona vipindi viwili vinatosha kidevu kizima na chenji nitaleta sukari. Nikalala kitandani. Dada mmoja anatafuna bigijii akaanza kazi: sindano, chwii, unywele, sindano, chwii, unywele. Na harufu! Mmewahi kubabua kichwa cha mbuzi? Ni hiyo hiyo, ila mbuzi ni wewe. Sijakaa sawa, nasikia, "Haya mama, kipindi kimeisha."

"Kimeisha vipi? Hata mahudhurio sijaita!"

"Kipindi chetu ni dakika kumi na tano, mama."

"Na hizi zilizobaki?"

"Utarudi. Halafu kuna zingine bado zimelala ndani, huwa zinaamka kwa zamu. Inaweza kufika mwaka, hata zaidi."

Kwa zamu, kama walinzi wa kiwanda cha pamba! Nikamuuliza mbona mmeandika zinaondoka moja kwa moja. Akanijibu bila haya, "Zinaondoka moja kwa moja, mama, ila sio kwa siku moja." Mtamba mzima akaishia kwenye kitanda kile, safari baada ya safari, nauli mbali, dawa ya kupaka mbali.

Safari ya mwisho kidevu kikavimba. Kikafanya magamba, kikatoa maji ya njano yananata kwenye mto, asubuhi nabandua uso wangu kama chapati iliyoungua. Nilijitia kinyaa mwenyewe. Baba Minza akaniangalia weee, akasema, "Mayu, meno gani haya yanaotea nje?" Nikamweleza yote. Hakucheka.

Sasa niseme nisichomwambia mtu. Siku wageni walipoleta mahari, majirani waliambiwa nina malaria. Sikuwa na malaria. Minza alinishika mkono akasema, "Mama, wewe pumzika chumbani, shangazi atakaa nafasi yako." Nikakubali, wala sikubishana. Nililala na bandeji yangu kidevuni, nikamsikia mshenga upande wa pili anatangaza mkaja, ile shukrani ya mama aliyebeba mimba na kuzaa. Nikasikia vigelegele. Wifi yangu akaupokea. Mume wangu alikuwepo, akaacha apokee, na mimi nilijifunika shuka.

Wageni walipoondoka Minza akaniletea bahasha, anafurahi kabisa, mtoto wa watu. "Mama, huu mkaja wako. Nenda ukamalizie vile vipindi, harusini uwe umependeza."

Bahasha sijaifungua. Nikiishika tu naiweka tena chini. Hela ya kunishukuru kwa kumzaa, niende nikaunguzwe nayo ili asinionee aibu. Nikiikataa atasema mama yake anamharibia siku yake. Nikiipokea, najua nitakaa mbele harusini na kidevu laini, na sitaweza kumwangalia usoni mwanangu niliyemzaa. Harusi imekaribia. Mlio na mabinti, na nyinyi mabinti wenyewe, semeni nami bila kunionea haya: bahasha hii niipeleke wapi?